Nyumba ya Watawa Iliyokabidhiwa Wasanii: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Pwani ya Tanga

## Kuhusu uchambuzi huu

Kisa hiki kilitokea katika mji mdogo wa pwani mkoani Tanga. Jina la mji, la shirika la watawa, la asasi iliyopanga jengo na ya watu wote waliohusika yameondolewa, na baadhi ya mambo ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa bila kugusa mtiririko wa matukio. Nilihusishwa na mradi baada ya masika yake ya kwanza, nilipoombwa kutoa maoni juu ya kuta zilizokuwa zikitoka jasho. Yaliyotangulia nimeyapata katika kumbukumbu za vikao na kwa kuzungumza na waliokuwepo.

Ninauandika kwa ajili ya majimbo ya Kanisa, halmashauri na vikundi vya sanaa ambavyo vimeshika, au vinakaribia kushika, funguo za jengo kuukuu. Ninachokitetea ni kwamba jengo la aina hii huja na masharti yake, mengine yakiwa ndani ya mawe, mengine ndani ya sheria, mengine ndani ya mazoea ya majirani, na kwamba masharti hayo ndiyo mpango wa mradi wenyewe. Katika kisa hiki, kila mara yalipochukuliwa kuwa vikwazo vya kurukwa, fedha na imani ya watu vilipotea. Yaliposomwa kwa makini, kazi ilisonga.

## Usuli

Nyumba ilijengwa na shirika la masista wakati wa utawala wa Wajerumani, hatua chache kutoka ufukweni. Ni jengo la ghorofa moja, refu na jembamba, lenye baraza pande zote mbili, kikanisa upande wa mashariki, na ua wa ndani ambao chini yake limechimbwa birika la kupokea maji ya mvua kutoka paani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, zenye unene wa kama sentimita 60, na sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa vyumba: mti wa mkoko haubebi kwa usalama zaidi ya mita 3 hivi, na ndiyo maana vyumba vya kulala vya masista ni vyembamba kama vyumba vya nyumba za mawe za Pangani na Unguja, ingawa waliovichora walitoka Ulaya. Waashi walikuwa watu wa pwani, na wao ndio waliojua mti upi unabeba nini.

Majengo ya misheni ya pwani yote yana undugu wa namna hii. Linalojulikana zaidi ni eneo la misheni ya Bagamoyo, iliyofunguliwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulipumzishwa mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Nyumba ya masista ya huko leo ni makumbusho. Watu wengi wa Tanga waliokuwa na wazo la kuiokoa nyumba yao walikuwa wameitembelea Bagamoyo, na waliporudi waliona kwamba makumbusho ya pili yasingepata wageni wa kutosha. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuifanya kituo cha wasanii wakaazi, yaani mahali ambapo msanii anapewa chumba, chakula na nafasi ya kufanyia kazi kwa muda maalumu, bila kudaiwa kitu zaidi ya kazi yake.

Masista walikuwa wamekwisha kupungua na kuhamia nyumba nyingine ya shirika lao. Baada yao jengo liliwahi kuwa darasa la ushonaji, kisha ghala la parokia, kisha likakaa tupu. Mabati yaling'oka upande wa kusi, ncha za boriti kadhaa zililiwa na mchwa, na popo wakahamia darini. Hata hivyo mlango mkuu, wa mbao ngumu iliyonakshiwa kwa mtindo wa pwani, ulibaki imara katika fremu yake.

Kisheria hali ilikuwa hivi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Jengo la baada ya hapo hulindwa tu likitangazwa rasmi, na hili lilikuwa halijatangazwa. Mlango wake lakini ulikuwa chini ya ulinzi, kwa sababu sheria hiyo hiyo inataja milango na fremu zilizonakshiwa nchini kabla ya 1940. Kwa hiyo ubao wa mlango ulikuwa na mlinzi wa kisheria, na nyumba iliyoubeba haikuwa naye. Hakuna ofisi iliyowalazimisha wapangaji kufanya ukaguzi wa kitaalamu kabla ya kuanza kazi, na wao hawakuufanya.

Waliopanga jengo walikuwa wasanii vijana, baadhi yao wahitimu wa taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, walioandikisha asasi na kusaini mkataba wa miaka 10 na jimbo la Kanisa lenye jengo. Walipata ruzuku kutoka kwa mfadhili wa nje, kwa sharti kwamba fedha ya ukarabati itumike yote ndani ya mwaka mmoja wa bajeti. Sharti hilo linahitaji kukumbukwa, kwa kuwa maamuzi mengi mabaya yaliyofuata yalitokana nalo kuliko kutokana na ujinga wa mtu yeyote.

## Yaliyotokea

Kazi ilianza wakati wa kaskazi. Paa liliezekwa upya na gata zikafungwa, na hiyo ilikuwa kazi nzuri. Kisha mkandarasi akabandua lipu kuukuu ya chokaa ndani na nje, akapiga lipu ya saruji, na kuta za chini akazipaka rangi ya mafuta ili zisafishike kwa urahisi. Ghorofani, vyumba sita viliwekewa choo na bafu ndani, mabomba yakipitishwa kwenye mitaro iliyochimbwa katika kuta. Eneo lote likazungushiwa uzio wa seng'enge wenye lango moja upande wa barabara. Yote yalikamilika kabla ya masika, picha zikatumwa kwa mfadhili, na wasanii wa awamu ya kwanza wakaalikwa.

Mvua za Aprili zilipokolea, kuta za chini zilianza kulowa kutoka ndani. Rangi ilifura malengelenge. Mahali palipopasuka, fundi aliingiza ncha ya kisu na kubandua kipande cha lipu chenye ukubwa wa sahani. Nyuma yake kulikuwa na unga mweupe uliokolea chumvi, na nyuma ya unga huo jiwe lenyewe lilikuwa limeanza kumong'onyoka kwa kidole. Katika vyumba vitatu vya juu maji ya bafuni yalikuwa yakivuja taratibu na kushuka moja kwa moja kwenye ncha za boriti, yaani pale pale ambapo mchwa alikuwa amekwisha kutangulia.

Sababu yake si fumbo kwa mwashi wa pwani. Ukuta wa matumbawe uliosimama karibu na bahari hunyonya maji yenye chumvi kutoka ardhini siku zote. Lipu ya chokaa huruhusu unyevu huo utokee usoni mwa ukuta na kukauka kwa upepo. Lipu ya saruji, na zaidi rangi ya mafuta juu yake, huufungia ndani. Unyevu hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi huganda nyuma ya lipu, ikavimba, ikasukuma. Kadiri lipu inavyokuwa ngumu ndivyo inavyong'oka na jiwe.

Wakati huo huo uzio ulikuwa umefunga njia. Watu wa mtaa walikuwa wakipita uani kwenda dikoni kununua samaki, na wanawake waliteka maji katika kisima kilicho nyuma ya kikanisa, ambacho masista waliwaachia tangu mwanzo. Isitoshe, pembeni mwa kisima kuna makaburi machache ya Wakristo wa kwanza wa pale, na koo zao bado zipo mtaani. Mwenyekiti wa mtaa aliandika barua mara mbili bila kupata jibu la maana. Seng'enge ikakatwa usiku, ikaungwa, ikakatwa tena.

Suala la tatu ndilo lililokaribia kuuvunja mkataba. Mpango wa asasi ulikigeuza kikanisa kuwa ukumbi wa maonyesho, na jukwaa lilikuwa lijengwe pale penye altare, kwa kuwa sehemu hiyo imeinuliwa ngazi tatu na sauti yake ni nzuri ajabu. Altare ni ya jiwe, imejengewa sakafuni. Habari zilipofika parokiani, baraza la walei lilikutana, na akina mama wazee ambao watoto wao walibatizwa mbele ya altare hiyo walisema wazi kwamba hawana ugomvi na ngoma wala na vijana, ila jiwe lile halikanyagwi.

## Maamuzi na sababu zake

Asasi ilisimamisha kazi na kuahirisha awamu ya kwanza ya wasanii. Uamuzi huo uliwauma, maana mfadhili alikuwa akingoja taarifa ya watu waliokaribishwa, lakini ulikuwa wa kwanza kuchukuliwa kwa kulitazama jengo kuliko kalenda.

Kuhusu kuta, kulikuwa na mapendekezo mawili. Mkandarasi alitaka kupaka dawa ya kuzuia maji juu ya saruji. Fundi mzee aliyeletwa kutoka Pangani alitaka saruji yote iondolewe. Nilimuunga mkono fundi, na kamati ikakubali, kwa sababu dawa ya kuzuia maji ingekuwa mfuniko mwingine juu ya mfuniko. Saruji ilibanduliwa kwa patasi na nyundo ndogo, polepole, ili jiwe lisiondoke nayo, na kuta zikaachwa wazi kiangazi kizima huku zikifagiwa chumvi kwa brashi kavu. Chokaa ilinunuliwa papo hapo Tanga, mkoa wenye mawe ya chokaa yale yale ambayo maji yalichonga ndani yake mapango ya Amboni, na kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuchoma matumbawe ya baharini, jambo linaloharibu mazalia ya samaki. Ilizimwa kwa maji ndani ya shimo na kuachwa iive kwa wiki kadhaa, kisha ikachanganywa na mchanga wa mtoni, sehemu 3 za mchanga kwa 1 ya chokaa. Mchanga wa ufukweni ulikataliwa kwa sababu ya chumvi yake. Lipu ilipigwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kufunikwa magunia yaliyoloweshwa, kwa kuwa chokaa haigandi kwa kukauka tu. Hugeuka jiwe tena kwa kunyonya hewa ya ukaa taratibu, na fundi anayeiharakisha hupata unga.

Vyoo vya ghorofani viliondolewa. Badala yake vilijengwa vyoo na mabafu ya pamoja katika kibanda kipya nje ya ua, kwa matofali ya saruji, mahali ambapo saruji inastahili. Baadhi ya wasanii walilalamika kwamba watatembea usiku. Ni kweli wanatembea, kama masista walivyotembea.

Kuhusu njia, mwenyekiti wa mtaa, paroko, shehe wa msikiti wa jirani na viongozi wa asasi walikaa barazani siku moja na kumaliza. Lango la pili lilifunguliwa upande wa diko, wazi tangu alfajiri hadi magharibi; kisima kikabaki cha watu wote; makaburi yakasafishwa na koo zenyewe. Katika kikao hicho hicho shehe aliomba mazoezi ya ngoma yasimame wakati wa sala, na katika mwezi wa Ramadhani yasipigwe kabla ya kufuturu. Jambo hili lilichukua dakika chache kukubaliwa, na halijawahi kuleta shida tangu siku hiyo.

Kikanisa kilihitaji utafiti zaidi. Padre mwenye elimu ya sheria za Kanisa aliwaeleza kwamba, kwa Mkusanyiko wa Sheria wa mwaka 1983, kikanisa cha nyumba ya watawa hakiwezi kugeuzwa kwa matumizi ya kawaida bila mamlaka ya kiongozi wa Kanisa anayehusika (kanuni ya 1224). Lakini hata mamlaka hayo yakitolewa, altare haipotezi baraka yake kwa sababu tu mahali palipoizunguka pamegeuzwa. Ndivyo isemavyo kanuni ya 1238. Maana yake ni kwamba asasi ingeweza kupewa kikanisa na bado ikakuta katikati ya jukwaa lake kitu kitakatifu kisichoweza kugeuzwa meza. Wazee wa parokia walikuwa wamelisema jambo hilo hilo bila kufungua kitabu.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa nyingine kabisa. Kanuni ya 1210 humruhusu kiongozi wa Kanisa kutoa kibali, kwa tukio mahususi, cha matumizi mengine yasiyopingana na utakatifu wa mahali. Kikanisa kikabaki kikanisa. Asasi huandika barua kupitia kwa paroko kila inapotaka kukitumia kwa uimbaji, usomaji wa mashairi au maonyesho ya picha kwenye kuta za pembeni, na hakuna anayepanda zile ngazi tatu.

## Matokeo

Kituo kilifunguliwa na kinafanya kazi. Wasanii hukaa kwa vipindi vya wiki kadhaa, wa nchini na wachache wa nje, hawa wa mwisho wakiwa na kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa. Kuta zimepita masika mengine bila kufura; zina madoa hapa na pale, na kila mwaka hupakwa chokaa upya, kazi ya siku chache ambayo vijana wawili wa mtaani wamefundishwa na sasa wanaitwa kuifanya katika nyumba nyingine za mji.

Jambo lililonifurahisha zaidi halikuwa katika mpango wa mtu yeyote. Baada ya kujifunza uwezo wa boriti, asasi ilianza kugawa sanaa kufuatana na nguvu za nyumba. Waandishi, wachoraji na watunzi wa muziki wako juu, kwa kuwa kazi yao haina uzito wala mtikisiko. Wachongaji, wenye magogo ya mninga na mpingo, wako chini, kwenye sakafu iliyokaa ardhini. Ngoma ilitakiwa iwe uani, lakini ua una birika chini yake, na dari la birika halikujengwa kubeba watu thelathini wanaoruka kwa pamoja. Kwa hiyo wachezaji wamepewa kiwanja chini ya mwembe, karibu na lango la diko. Wanawake wa mtaa wanaosuka mikeka walipokaribishwa kama wasanii kamili, wenye posho sawa na wengine, walianza kuchemshia rangi za miyaa katika chumba cha chini, na mvuke ukalowesha ukuta ndani ya wiki moja. Masufuria yakahamishiwa jikoni kwa nje. Sasa anayepita kwenda kununua samaki huona kwanza miyaa ya zambarau na kijani ikiwa imetandazwa kwenye kamba, kisha wachezaji, kisha wachongaji, na wengi husimama. Lango lililofunguliwa kwa shinikizo la mtaa limekuwa ndilo ukumbi wa maonyesho.

## Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa la mpangilio: matumizi yaliandikwa, yakapewa bajeti na tarehe, kabla ya mtu yeyote kupanda darini au kuuliza kisima ni cha nani. Gharama ya kupiga saruji, kuibandua na kupiga chokaa ilizidi kwa mbali gharama ya ukaguzi ambao ungesema chokaa tangu mwanzo. Mfadhili ana sehemu yake katika hili. Sharti la kumaliza fedha ndani ya mwaka mmoja halipatani na chokaa inayohitaji wiki za kuiva na kiangazi cha kukausha ukuta, na mradi wa jengo kuukuu unaokubali sharti kama hilo umekubali saruji hata kabla ya kumwita fundi. Asasi inayoomba ruzuku ya namna hii inapaswa kudai miaka miwili, na ipeleke kalenda ya misimu ya mvua pamoja na maombi.

Wapo watakaoona kwamba kuahirisha awamu ya kwanza kulikuwa ni woga. Siafiki. Majengo ya mawe ya pwani yetu huonekana imara hadi siku yanapoanguka: Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Boriti zilizokuwa zikilowa juu ya vichwa vya wageni hazikuwa suala la taarifa kwa mfadhili.

Makubaliano ya kikanisa yalifaulu kwa sababu yalitenganisha maswali mawili ambayo yalikuwa yamefungwa pamoja, yaani nani mwenye mahali na nani anaweza kupatumia. Lakini yana bei yake, na bei hiyo wanailipa wasanii. Maonyesho ya mchoraji mmoja yalikataliwa, na sababu aliyopewa haikumridhisha. Aliyatundika barazani, upande wa pili wa ukuta ule ule. Kituo kinachoishi chini ya kibali cha tukio kwa tukio hakina budi kuwaeleza wasanii jambo hilo kabla hawajafunga safari, kwa maandishi, na kwa muda fulani asasi haikufanya hivyo.

Uamuzi wa kuwalipa wasuka mikeka posho sawa na wachoraji ulipingwa ndani ya asasi yenyewe, kwa hoja kwamba wao wanalala kwao. Naona ndio uamuzi bora kuliko yote uliochukuliwa, kwa kuwa uliwapa majirani sababu ya kulinda jengo ambayo haitegemei hisani ya mtu. Tangu hapo seng'enge haijakatwa.

Kuhusu fedha, hali ni ya kawaida: vyumba vichache hukodishwa kwa wageni wanaolipa pale ambapo hakuna wasanii, na mapato hayo hutosha chakula na mshahara wa mlinzi, hayatoshi paa.

Lililobaki bila jibu ni mkataba. Miaka 10 ilionekana mingi wakati wa kusaini. Sasa sehemu yake kubwa imekwisha kutumika kurekebisha yaliyoharibiwa mwanzoni, na hakuna kifungu kinachosema nani atabadilisha boriti saba zilizooza upande wa kusi, mwenye nyumba au mpangaji. Boriti za mikoko hazikatwi bila kibali cha misitu. Jimbo linasema litaomba kibali hicho mpangaji akileta fedha. Mpangaji anasema ataleta fedha mkataba ukiongezwa. Kwa sasa boriti hizo zimeegemezwa kwa nguzo za mbao, vyumba viwili vilivyo juu yake vimefungwa, na kikao cha pande mbili kimepangwa kufanyika kabla ya vuli.